Saanane: Bibi, wajukuu na mawe ya ziwani

Mwanza kuna watoto wanaomaliza darasa la saba bila kuwahi kukanyaga boti. Ziwa Victoria wanaliona kila siku kupitia dirisha la daladala, wanakula sato na dagaa wake, wanasikia likitajwa redioni pale chombo kinapozama. Kwa wazazi wengi hiyo inatosha. Ziwa ni la wavuvi na wasafiri wa Ukerewe, si mahali pa kupeleka mtoto siku ya Jumamosi.

Mawe nayo hayatamaniwi. Katika jiji linaloitwa Jiji la Miamba, watu wamezaliwa juu ya mawe. Nyumba za Mabatini, Igogo na Isamilo zimeegemea miamba, nguo zinaanikwa juu ya jiwe, mihogo inakaushwa juu ya jiwe, na mvua kubwa ikinyesha wakazi wa mabondeni wanalala jicho moja wazi wakihofia jiwe la juu. Nani atatoa nauli kwenda kutazama jiwe lingine?

Kwa sababu hizo mbili, Kisiwa cha Saanane, kilicho umbali wa takribani kilomita mbili kutoka katikati ya jiji, ni jina linalofahamika kwa wengi ambao hawajawahi kufika. Ni rundo la miamba na miti katikati ya maji, linaloonekana vizuri kabisa kutoka Capri Point. Mgeni kutoka Ujerumani akishuka uwanja wa ndege anaweza kulitembelea siku hiyo hiyo. Mkazi wa Igoma anaweza kukaa miaka 40 asilifikie.

Familia moja ya Igoma iliamua kwenda. Baba ni fundi wa pikipiki, mama anauza vitenge, watoto ni watatu: wa miaka 13, wa miaka 10 na wa miaka 6. Wa sita katika msafara huo alikuwa bibi, mama mzazi wa baba, na yeye ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote.

Bibi hakuwa amepanda chombo chochote cha majini tangu mwaka 1996. Mei 21 mwaka huo, meli ya MV Bukoba ilizama asubuhi ikitokea Bukoba, ikiwa imebakiza safari fupi kufika Mwanza. Zaidi ya watu 800 walikufa. Mdogo wake wa kiume, aliyekuwa akichukua ndizi Kagera na kuziuza Mwanza, alikuwa humo. Wengi wa waliofariki walizikwa Igoma, na makaburi yao yapo hadi leo, si mbali na nyumba anayoishi bibi. Mwaka 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Septemba 20 karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, na kuua watu 228, bibi alizima redio na kusema kwamba yeye alikwishayasema.

Kwa hiyo makubaliano ya familia yalikuwa haya: bibi angekwenda nao hadi gati la Capri Point, angekaa chini ya mti na vyakula, na kuwasubiri hapo hapo hadi warudi.

Waliondoka Igoma saa moja na nusu asubuhi. Daladala ya kwenda mjini inafuata Barabara ya Nyerere, inapita Mabatini na Mlango Mmoja, na kutoka mjini hadi Capri Point ni mwendo mfupi wa bajaji, au wa miguu kwa wasio na haraka. Kuwahi ni jambo la maana. Kufikia saa sita mchana mawe ya Saanane yanachoma kama kikaango, na upepo wa ziwa mara nyingi hushika kasi jua linapopanda. Asubuhi maji huwa yametulia, ingawa busara ni kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo hutoa taarifa za ziwa pamoja na za nchi kavu.

Kiingilio hulipwa kwenye ofisi ya hifadhi iliyopo hapo hapo Capri Point. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiasi kidogo sana kuliko wageni wa nje, watoto hulipa pungufu zaidi, na walio chini ya miaka mitano hawalipi. Afadhali kupiga simu au kupita siku moja kabla kuuliza bei ya siku hiyo pamoja na ya boti, kwani viwango hubadilishwa. Baba huyu alifanya hivyo, akapiga hesabu na nauli ya daladala juu yake, akakuta haizidi walizotumia mwezi uliotangulia kwenye harusi ya jirani ambaye hata hawazoeani.

Hapo gatini ndipo mambo yalipobadilika, na hayakubadilishwa na maneno matamu ya wajukuu. Bibi alikuwa amesimama akitazama. Alitaka kujua boti inabeba watu wangapi. Nahodha, kijana wa Kisukuma, alimwamkia kwanza, "Mwangaluka mayu," kisha akamtajia idadi. Bibi akahesabu walioketi. Akahesabu na jaketi okozi, yale makoti ya rangi ya chungwa, moja moja, akinyoosha kidole kama anayehesabu kuku. Kulikuwa na kundi la wanafunzi wa chuo waliotangulia, na baada ya mama na watoto kuketi, zilibaki nafasi mbili. Baba alitaka kujipenyeza na rafiki yake aliyewakuta hapo na mkewe. Nahodha alikataa. Baba akasema ni dakika chache tu, kisiwa si kile pale? Nahodha akamjibu kwamba asubiri safari ya pili.

MV Nyerere kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, na siku kilipozama kilibeba zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Kila mtu wa ukanda wa ziwa anajua habari ya nafasi ambayo haikosekani kamwe. Bibi alikuwa hajawahi kuona mtu akizuiwa kupanda chombo kwa sababu kimejaa, tena mtu mwenyewe akiwa mwanawe. Aliuliza tena, "Kwa hiyo huyu unamwacha?" Nahodha akasema anamwacha. Bibi akaomba avalishwe jaketi. Akapanda yeye, baba akabaki na vyakula chini ya mti.

Safari haifiki robo saa. Mtoto wa miaka sita aliimaliza yote akiwa ameshikwa mkono na bibi kwa nguvu kiasi kwamba haikueleweka nani anamtuliza nani.

Saanane imepata jina kutokana na Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa akiishi kisiwani hapo kabla ya serikali kukichukua. Mwaka 1964 ikawa bustani ya kwanza ya wanyama nchini, enzi za Mwalimu Nyerere, ili watu wa Kanda ya Ziwa wapate kuona wanyama bila kusafiri hadi Serengeti. Baadhi ya wanyama walipitia hapo wakielekea Kisiwa cha Rubondo. Mwaka 1991 ikapandishwa kuwa pori la akiba, na mwaka 2013 ikawa hifadhi ya taifa. Eneo lake lote, maji yakiwamo, ni kilomita za mraba 2.18. Serengeti ina zaidi ya 14,700. Ukitembea Saanane bila haraka, asubuhi moja inatosha, na hilo kwa familia yenye watoto wadogo si upungufu hata kidogo. Hakuna saa tano za kukaa ndani ya gari, hakuna mtoto anayetapika njiani, na kwa kuwa hakuna simba anayetembea huru, watu wanatembea kwa miguu wakiongozwa na mhifadhi.

Swala pala wapo na hawana wasiwasi. Tumbili nao wapo, na hao ni wa kuangaliwa kwa makini kwa sababu wanajua sauti ya mfuko wa nailoni ukifunguliwa. Kenge hujianika pembezoni mwa maji. Mtoto wa kati, ambaye ana tabia ya kutaka kila kitu kiwe kikubwa, alikuwa ameanza kulalamika kwamba hakuna tembo hadi mhifadhi alipomwonyesha pimbi, kinyama cha ukubwa wa sungura asiye na mkia, kilichokaa juu ya jiwe kama mzee kibarazani. Akamwambia huyo ndiye ndugu wa tembo. Mtoto alicheka akidhani anataniwa. Lakini ni kweli. Wataalamu wa wanyama wanawaweka pimbi na tembo katika ukoo mmoja wa zamani. Nyayo za pimbi zina unyevunyevu na ulaini unaomwezesha kushika jiwe lililosimama wima bila kuteleza, kazi ambayo hakuna raba ya dukani inayoiweza vizuri namna hiyo.

Kisha akaonekana yule mjusi. Dume lake lina kichwa na mabega ya rangi nyekundu inayoelekea zambarau, na mwili wa bluu iliyokoza. Hukaa juu ya jiwe la juani na kupiga pushapu. Watoto wa dunia nzima wanamfananisha na Spider-Man, na hawa hawakuhitaji kuambiwa. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, yaani mjusi wa Mwanza. Huyo huyo yupo kwenye mawe ya Igogo na Capri Point, na pengine nyuma ya vyoo vya shule zao, ambako hupigwa mawe. Mtoto wa miaka 13 alinyamaza kidogo alipoelezwa hilo, kisha akauliza kama mjusi aliyekatika mkia anaota mwingine.

Njia ya kupanda kwenye miamba ya juu si ndefu, ila inataka viatu vyenye meno. Ndala hazifai kabisa, na mama aliyemvalisha bintiye viatu vya kanisani ili apendeze kwenye picha ataishia kumbeba. Sehemu nyingine mtu anapita katikati ya mawe mawili makubwa kuliko nyumba, kukiwa na ubaridi wa ghafla kama wa ndani ya mtungi. Nyingine anapanda kwa mikono na miguu. Bibi alikataa mkono wa kila mtu. Alikuwa na umri wa miaka 67, na alipanda mawe kwa namna ambayo ilionyesha kwamba hakuwa mgeni wa mawe.

Hakuwa mgeni kweli. Kwa miaka 19 aliishi kwa kuponda kokoto Mabatini. Mawe yalichomwa kwa moto wa matairi na magogo hadi yapasuke, wanaume wakayavunja kwa nyundo kubwa, wanawake wakakaa chini ya mwavuli uliochanika na kuponda vipande kwa nyundo ndogo, wakiuza kwa debe. Nyumba nyingi za Mwanza zimesimama juu ya kokoto za wanawake wa namna hiyo, na ada ya sekondari ya fundi pikipiki huyu ilitoka humo. Bibi ana kidole cha kushoto kisichokunjika. Alipofika juu, wenzake wakitoa simu kupiga picha, yeye alizunguka jiwe la mwisho, akaligonga kwa kiganja, akalitazama mshipa wake, akasema, "Hili lingetoa tripu 30 za lori."

Mhifadhi alicheka, kisha akaeleza jinsi mawe hayo yalivyofika hapo, maana hakuna aliyeyapanga. Ni matale yaliyoganda chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita. Yalipata nyufa yakiwa bado yamefunikwa, maji yakapenya kwenye nyufa na kulainisha kingo, na udongo uliokuwa juu ulipoondolewa na mvua za miaka isiyohesabika, mawe yakabaki yamekaliana moja juu ya jingine. Ziwa lenyewe ni changa, la miaka laki chache tu, na takribani miaka 15,000 iliyopita lilikauka kabla ya kujaa upya. Jiwe la Bismarck pale karibu na kivuko cha Kamanga, linalopigwa picha na kila mgeni, lina historia hiyo hiyo. Bibi alisikiliza yote. Alichotaka kujua ni kama inaruhusiwa kuchukua hata kokoto moja kwa kumbukumbu. Hairuhusiwi, hata moja.

Juu hapo jiji linaonekana lote kwa mara moja: hospitali ya Bugando juu ya kilima chake, nyumba za Capri Point zenye mabati ya rangi, na kwa mbali milima ya Isamilo, ambako inaelezwa kwamba Mwingereza John Hanning Speke alisimama Agosti 1858 akaliona ziwa na kulipa jina la malkia wake, ingawa wenyeji walikuwa wanaliita Nyanza na hawakuwa wamemwomba jina. Baba alifika na safari ya pili akiwa amelowa jasho, begi la chakula mgongoni, akakuta familia imekwishafika kileleni bila yeye.

Yeye aliyekulia Mabatini alikuwa na lake la kuonyesha. Katika nchi za baridi, familia hujazana wikiendi kwenye kilima kidogo cha jirani chenye theluji, watoto wakafungwa mbao miguuni, wakateleza hadi chini na kupanda tena hadi giza linapoingia. Tanzania theluji iko kileleni Kilimanjaro, na hakuna mzazi anayempeleka mtoto huko kucheza. Kilima cha jirani cha Mwanza ni cha jiwe, na wakati baba huyo akiwa mdogo, mchezo ulikuwa ni kukata dumu la njano la lita 20, kukalia upande mmoja, na kuserereka kwenye jiwe lililolala kwa mshazari hadi suruali itoboke. Alipigwa sana kwa ajili ya suruali. Wanawe hawajui mchezo huo, kwa kuwa Igoma ni tambarare na wao wana simu. Ndani ya hifadhi hakuna madumu, na mhifadhi hawezi kuruhusu mtu kuserereka kwenye mawe marefu. Lakini chini karibu na gati lipo jiwe fupi, lililolala, kavu, na hapo watoto watatu waliserereka kwa makalio yao kwa saa nzima. Baba naye akajaribu. Suruali yake ilitoboka, na safari hii aliyepiga kelele ni mkewe.

Kuna jambo moja ambalo wazazi hawapaswi kulifanyia mchezo, nalo ni maji ya pembeni. Watoto walipochoka na joto walitaka kuingiza miguu ziwani. Hapana. Kichocho kipo katika ukanda mzima wa ziwa, kinaishi ndani ya konokono wa maji yaliyotulia kwenye majani, na vijidudu vyake hupenya ngozi ya mguu mzima usio na kidonda chochote. Kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kimekuwa kikikichunguza kwa miaka mingi kwa sababu hiyo. Mamba nao wapo. Kwa hiyo maji ya kunawa yabebwe kutoka nyumbani, ya kunywa yawe mengi kuliko mnavyodhani, na kofia isisahaulike kwa sababu jiwe hurudisha jua usoni.

Chakula kilikuwa kile ambacho hakiharibiki kwa joto: viazi vya kuchemsha, mayai, karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo Wasukuma hubeba safarini tangu zamani. Watoto wa mjini huvikataa nyumbani wakisema ni vigumu kama mbao. Juu ya mawe, baada ya kupanda na kushuka, walivimaliza bila kuhimizwa. Sato wa kukaanga aliachwa kwa ajili ya jioni, Kirumba, jirani na soko la Mwaloni, ikiwa fedha ingebaki. Ilibaki ya sato wawili.

Kwenye kivuli bibi aliwasimulia wajukuu juu ya mdogo wake. Walikuwa wanajua kwamba yupo ndugu aliyezikwa Igoma, hawakuwa wanajua kwamba aliweza kupiga mluzi kwa vidole viwili ukasikika ng'ambo ya bonde, wala kwamba aliwahi kumletea bibi senene kutoka Bukoba ndani ya kopo la maziwa na yeye akakataa kuwala. Mtoto wa miaka 10 alitaka kujua kama MV Bukoba ilikuwa na jaketi za kutosha. Mama alimkanyaga mguu. Bibi akasema amwache aulize, na akamjibu kwamba hajui, ila meli ilikuwa imeruhusiwa kuchukua watu 430 na ilichukua wengi mno.

Saa tisa kasoro upepo ulianza kuonekana juu ya maji, vile vistari vyeupe vidogo. Nahodha alipofika alitangaza kwamba atagawa safari tena na kwamba wenye watoto wadogo watangulie. Mama akaingia na yule wa miaka sita, baba akaambiwa aingie nao. Nafasi ikaisha. Bibi alikuwa amekwisha kukaa kwenye jiwe na wajukuu wawili wakubwa, jaketi bado hajavaa, akawapungia mkono waende.

Boti ilikata maji kuelekea Capri Point. Mfukoni mwa bibi kulikuwa na matobolwa matatu yaliyobaki, akayagawa. Pimbi mmoja alitokeza kwenye ufa, akasogea hatua mbili, na mhifadhi akawakumbusha wasimrushie kitu.